Michezo Isiyozimika: Historia Fupi ya Michezo ya Video Inayobaki Moyoni



Iko michezo ya video ambayo mtu huicheza jioni, akaizima, akalala, na kesho yake haikumbuki tena. Mpira umechezwa, mabao yamehesabiwa, mshindi amemcheka mshindwa, basi. Lakini iko mingine isiyokubali kuzimwa. Kioo kimekuwa cheusi, mashine imepoa, na bado aliyecheza anabeba kitu ndani yake: huzuni asiyoweza kuieleza, au hofu, au swali juu ya jambo alilolitenda kwa vidole vyake mwenyewe. Wazee wetu wengi hawaamini kwamba mchezo unaweza kumgusa mtu kiasi hicho. Husema, "Hayo ni mambo ya watoto tu." Vijana wanajua kwamba sivyo, ila mara nyingi hawajapata maneno ya kulieleza.

Tumeona vema kufuata historia ya michezo ya namna hiyo tangu miaka ya 1970 hadi siku zetu. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, katika mitaa ya Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi, vijana hutoa franga zao ili kuketi mbele ya kioo, na wengi wana michezo katika simu zao. Jambo linalochukua saa nyingi za maisha yetu linastahili kufikiriwa kwa utulivu. Pili, historia hiyo, ikifuatwa mpaka mwisho, inapita katika nchi yetu zaidi ya mara moja.

Msalaba juu ya kioo

Mwaka 1976 kampuni ya Exidy ya California, Marekani, ilitoa mchezo ulioitwa Death Race. Ulikuwa kabati kubwa lenye kioo, usukani na pedali ya mafuta, lililowekwa katika nyumba za starehe. Mchezaji aliendesha gari na kuwagonga viumbe waliokimbia huku na huko. Watengenezaji walisema viumbe hao ni mashetani wadogo, si watu; lakini walikuwa na miguu miwili na walikimbia kama watu. Kila aliyegongwa alitoa mlio, na mahali alipoangukia pakabaki msalaba mdogo wa kaburi.

Picha zenyewe zilikuwa duni sana: vijistari vyeupe juu ya weusi. Hata hivyo magazeti yalipiga kelele, wazazi wakalalamika, na Baraza la Taifa la Usalama la Marekani likaulaani mchezo huo. Kelele hizo zilileta matokeo ambayo wapinzani hawakuyatarajia: watu walizidi kuutafuta. Kuna mafundisho mawili hapa, nayo yatatufuata katika historia yote. La kwanza, kuchukiza watu ni njia rahisi ya kuuza. La pili ni zito zaidi. Wakati huo sinema zilikuwa zimekwisha kuonyesha damu nyingi kuliko vijistari vile. Kilichowasumbua watu hakikuwa kile ambacho jicho liliona, bali kile ambacho mkono ulifanya. Katika sinema mtu mwingine anaua, nasi tunatazama. Katika mchezo usukani uko mikononi mwetu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, Mjapani Tomohiro Nishikado alitunga Space Invaders. Kampuni yake haikutaka mchezo wa kuwapiga watu risasi, hivyo maadui wakawa viumbe kutoka mbinguni. Lakini Nishikado aliweka ndani yake sauti ya noti nne nzito zinazorudiwa, na kadiri maadui walivyokaribia, noti hizo zilizidi kuharakisha. Wachezaji walijikuta mioyo yao inakwenda mbio pamoja na sauti hiyo. Hofu ilikuwa imeingia mwilini bila ruhusa ya akili.

Kisha ukaja mwaka 1980. Marekani na Urusi ya Kisovyeti zilikuwa zimeelekezeana silaha za nyuklia, na watu wa kawaida waliishi wakijua kwamba miji yao ingeweza kuteketea kwa muda wa nusu saa. Katika kampuni ya Atari, kijana Dave Theurer alipewa kazi ya kutunga mchezo wa kulinda miji dhidi ya makombora. Ukaitwa Missile Command. Chini ya kioo iko miji sita. Juu inashuka mistari ya moto. Mchezaji anajaribu kuizuia mistari hiyo kabla haijafika. Theurer alikataa kumpa mchezaji uwezo wa kushambulia mji wa mtu mwingine. Alimpa ulinzi tu.

Ubaya ni kwamba ulinzi huo haushindi kamwe. Makombora yanazidi kuwa mengi na ya kasi mpaka mji wa mwisho unaungua. Michezo mingine ya siku hizo ilimwambia mchezaji kwamba zamu yake imekwisha, atie sarafu nyingine. Mchezo huu ulijaza kioo kwa mlipuko na kuandika neno moja la kutisha: MWISHO. Theurer mwenyewe hakupona. Wakati wa kuutengeneza na hata baada ya kuumaliza, alisumbuliwa na ndoto za usiku ambamo aliyaona makombora yakija. Hivyo mtu wa kwanza kujeruhiwa na mchezo ule alikuwa yule aliyeutunga, kwa sababu alikuwa ameichukua hofu ya kizazi chake na kuigeuza kuwa kazi ya mikono.

Kifo kisichorudishwa

Katika michezo ya mwanzo kifo kilikuwa jambo jepesi. Mchezaji alipewa roho tatu. Moja ikipotea, mbili zimebaki. Zote zikipotea, ataanza upya. Kifo kilikuwa ada ya kulipwa, si msiba.

Mwaka 1997 kampuni ya Square ya Japani ilitoa Final Fantasy VII kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Ni hadithi ndefu, ya makumi ya saa. Miongoni mwa wasafiri wake yuko msichana muuza maua, jina lake Aerith, mpole na mcheshi, ambaye mchezaji humfundisha, humvika silaha, na kumzoea. Hadithi ikiwa bado mbali na mwisho wake, msichana huyo amepiga magoti akiomba, na adui anashuka kutoka juu na kumchoma upanga. Anakufa. Hakuna hotuba ya kuaga wala muda wa kujitayarisha.

Jambo la kutazamwa ni lile lililofuata. Katika mchezo huo iko dawa ya kumwinua mpiganaji aliyeanguka, na mchezaji ameitumia mara nyingi. Kwa Aerith haifai kitu. Vijana wa nchi mbalimbali walikataa kuamini. Walitafuta mlango wa siri. Walipeana uvumi kwamba ukifanya hivi na vile, atarudi. Hakurudi. Saa zote za kumkuza zilikuwa zimekwenda naye, na katika orodha ya wasafiri nafasi yake ilikuwa imebaki wazi, kama kiti cha marehemu mezani.

Wenye kucheka watasema: walimlilia mtu asiyekuwako. Sisi hatucheki. Wengi wa vijana wale walikuwa hawajapata kufiwa. Mchezo uliwajulisha, kabla ya wakati, sheria ambayo sisi sote tutaijua: kwamba kupenda hakutupi mamlaka juu ya kifo, na kwamba juhudi zetu hazimrudishi aliyekwenda.

Ni mkono wangu

Hatua ya tatu ilikuwa ya hatia. Mwaka 2005 Mjapani Fumito Ueda na wenzake walitoa Shadow of the Colossus. Kijana anamleta msichana aliyekufa katika nchi tupu, isiyo na kijiji wala sauti ya watu. Sauti kutoka juu inamwambia kwamba msichana aweza kurudishiwa uhai, iwapo kijana atayaua majitu kumi na sita yanayokaa katika nchi hiyo. Anapanda farasi wake, anaondoka.

Michezo mingi ilikuwa imetuzoeza kwamba jitu likianguka kuna vigelegele. Hapa jitu likianguka unapigwa muziki wa kilio. Mengine kati ya majitu hayo hayakuwa yamemshambulia mtu. Yalikuwa yakitembea katika makao yao, au yakilala. Na kila yanapokufa, moshi mweusi hutoka ndani yao na kuingia mwilini mwa kijana. Uso wake unazidi kuharibika. Mchezaji anaona kwamba jambo baya linatendeka, na anaendelea, kwa maana mchezo haumpi kazi nyingine, na kwa maana anataka msichana aamke. Ueda hakuhubiri lolote. Alimwacha mchezaji peke yake juu ya farasi, katika safari ndefu kutoka jitu moja hadi jingine, apate nafasi ya kujiuliza: Je, upendo wangu kwa mmoja unanipa ruhusa ya kuangamiza wengine?

Mwaka 2012 kampuni ya Yager ya Berlin, Ujerumani, ilisogeza swali hilo hadi kwenye vita vya siku zetu. Mchezo wao, Spec Ops: The Line, unawapeleka askari watatu wa Marekani katika mji wa Dubai uliofunikwa na mchanga wa dhoruba. Unaanza kama michezo mingine ya vita ambayo vijana wanaijua. Kisha inafika saa ambapo mchezaji anaelekeza mabomu ya fosforasi kwa kutumia chombo chenye kioo kidogo. Kutoka juu, watu ni vijistari vyeupe tu, na katika kioo hicho unaonekana uso wa kapteni mwenyewe. Vijistari vinazimika. Baada ya hapo mchezaji analazimika kutembea mahali alipopiga, na anakuta kwamba wengi walikuwa raia waliokimbilia hifadhi. Kati yao yuko mama aliyeteketea akiwa amemkumbatia mtoto wake.

Wachezaji wengi walikasirika. Walisema: mchezo haukunipa njia nyingine, kisha unanilaumu. Malalamiko hayo yana haki ndani yake, nasi hatuyapuuzi. Lakini tunaona pia kwamba neno "sikuwa na njia nyingine" ndilo neno ambalo watu wenye silaha hulisema daima, katika mchezo na nje ya mchezo. Watunzi walitaka tulisikie likitoka kinywani mwetu.

Na hapa njia inapita kwetu kwa mara ya kwanza. Mchezo huo umejengwa juu ya riwaya ya Joseph Conrad iitwayo Heart of Darkness, iliyotolewa mwaka 1899. Hata mkubwa wa jeshi anayetafutwa humo anaitwa Konrad. Na Conrad aliandika kutokana na safari yake mwenyewe ya mwaka 1890, alipopanda meli ya mvuke juu ya mto Kongo hadi Kisangani, katika siku za utawala wa Leopold II. Aliyoyaona hapa yalimwandama mpaka akayaandika miaka kadhaa baadaye. Hivyo huzuni ambayo kijana wa Berlin au Chicago aliipata mbele ya kioo mwaka 2012 ina shina lake kwenye kingo za mto wetu.

Mwaka 1975 mwandishi Mnijeria Chinua Achebe aliitolea riwaya hiyo lawama kali: kwamba Waafrika ndani yake wamefanywa kuwa mandhari, pazia nyuma ya Mzungu mmoja anayepoteza akili. Lawama hiyo inaufuata hata mchezo. Raia wa Dubai wanaokufa humo hatuwajui majina wala mawazo yao. Wanakufa ili kapteni atetemeke. Tuikumbuke hatari hiyo kila tunapoguswa. Yawezekana kulia juu ya hatia ya muuaji na kumsahau aliyeuawa.

Nyumba iliyozingirwa

Jibu la upungufu huo lilitoka Poland. Mwaka 2014 kampuni ya 11 bit studios ya Warszawa, mji uliobomolewa karibu wote katika Vita Kuu ya Pili, ilitoa This War of Mine. Ndani yake hakuna askari wa kuchezwa. Mchezaji anawatunza raia wachache waliojificha katika nyumba iliyobomoka, mji ukiwa umezingirwa. Mji huo ni wa kubuniwa, lakini watunzi waliongozwa na yaliyowapata watu wa Sarajevo, waliozingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996.

Mchana haiwezekani kutoka kwa ajili ya wadunguaji. Watu wanapika, wanaziba matundu ya ukuta, wanalala. Usiku mmoja wao anatoka kutafuta chakula, dawa na kuni. Kuna nyumba moja ambamo wanakaa mzee na mkewe. Hawana silaha. Wana chakula na dawa. Mchezaji ambaye watu wake wana njaa aweza kuchukua vyote, na mzee hataweza kumzuia, atamsihi tu. Akichukua, watu wake watakula. Lakini yule aliyeiba atakuwa mwenye huzuni, wenzake watamlaumu, wengine huvunjika moyo hata wakashindwa kuinuka kitandani. Na akirudi katika nyumba ile baada ya siku kadhaa, atawakuta wazee wamekufa.

Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kwamba mchezo huo utawekwa katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa shule za sekondari, kando ya vitabu. Twaona maana ya uamuzi huo. Vijana wa Poland ya leo hawakuiona vita ya babu zao. Wakubwa wao walitaka wajue kwamba vita, kwa watu wengi, si kufyatua risasi. Ni kuchagua nani ale leo.

Kwetu mambo ni tofauti. Wako kati yenu waliofunga mizigo usiku, waliotembea kwa siku kadhaa wakiwa na mdogo wao mgongoni, waliolala katika darasa la shule au chini ya hema. Hao hawahitaji mchezo uwafundishe. Na tuseme wazi: mtu mwenye kidonda kibichi hana deni la kucheza jambo linalokigusa. Akikataa, wenzake wasimwite mwoga. Lakini wako pia waliokua katika miji yenye utulivu, wanaowatazama wakimbizi kama watu wanaojaza mji na kupandisha bei ya unga. Kwa hao, usiku mmoja katika nyumba ile iliyozingirwa unaweza kufanya kazi ambayo maneno mengi yameshindwa.

Mtoto anayelia

Mwezi wa Januari 2016 ulitoka mchezo wa namna nyingine. Unaitwa That Dragon, Cancer. Waliouanzisha ni baba na mama wa Marekani, Ryan na Amy Green, Wakristo, ambao mtoto wao Joel alipatikana na kansa ya ubongo akiwa na umri wa mwaka mmoja. Walianza kuutunga mtoto akiwa hai. Joel alifariki mwezi wa Machi 2014, akiwa na miaka mitano. Wazazi hawakuacha kazi; waliibadilisha ikawa ya kumkumbuka.

Katika sehemu moja, ni usiku hospitalini. Mtoto analia kwa kiu na maumivu, na kila anachonyweshwa anakitapika. Mchezaji anagusa kila kitu chumbani: maji ya matunda, kiti, kitanda, dirisha. Hakuna kinachofaa. Analia, analia. Aliyezoea michezo anajua kwamba kila fumbo lina jibu, hivyo anazidi kutafuta. Na mwishowe anaelewa kwamba amewekwa makusudi mahali ambapo hakuna kitufe cha kubonyeza. Baba anaomba. Sehemu hiyo ilitokana na usiku wa kweli, ambapo baada ya maombi mtoto alilala.

Watunzi hawakudanganya juu ya yale yaliyofuata. Mtoto hakupona. Mchezo unaonyesha mama akishika tumaini kwa nguvu na baba akizama kama mtu aliye chini ya maji, wawili wa nyumba moja na imani moja, wasioweza kuhuzunika kwa namna moja. Katika chumba kimoja zimetundikwa kadi na picha za watu wengine waliopotelewa na wapendwa wao. Mchezaji aweza kuzisoma moja moja, kama mtu anayepita kati ya makaburi akisoma majina.

Tunafikiri kwamba mchezo huu umefika mahali ambapo wengine hawakufika, na sababu ni hii. Missile Command ilitufundisha kwamba tutashindwa, kisha ikatuacha na neno MWISHO. Hapa pia tunashindwa, lakini hatuachwi peke yetu. Kukaa karibu na anayeteseka, bila uwezo wa kumponya, kumekuwa ndiyo kazi yenyewe. Mama zetu wanaolala sakafuni hospitalini kando ya vitanda vya wagonjwa wanaijua kazi hiyo vema.

Jiwe lililo ndani ya mashine

Sasa njia inapita kwetu kwa mara ya pili. Mwezi wa Septemba 2011 kikundi cha Molleindustria, kinachoongozwa na Mwitalia Paolo Pedercini, kilitoa mchezo mdogo wa simu uitwao Phone Story. Ndani yake simu yenyewe inazungumza na mwenye kuishika, ikimsimulia jinsi ilivyozaliwa. Sehemu ya kwanza ni Kongo. Watoto wanachimba koltani. Wengine wanachoka na kusimama. Kazi ya mchezaji ni kumwongoza mwenye bunduki awatishe ili waendelee kuchimba. Akiwahurumia, anashindwa. Sehemu zinazofuata zinampeleka kwenye kiwanda huko Asia, kwenye foleni ya wanunuzi, na mwisho kwenye jalala la mashine zilizotupwa.

Kampuni ya Apple iliukubali mchezo huo katika duka lake, kisha siku chache baadaye ikauondoa. Kati ya sababu zilizotolewa ni kwamba unaonyesha watoto wakitendewa vibaya. Tusome tena sababu hiyo polepole. Mchezo uliondolewa kwa kuonyesha jambo, katika simu ambazo ndani yake umo uwezekano wa jambo lenyewe.

Koltani hutoa madini ya tantali, ambayo hutumiwa kutengeneza vipande vidogo sana vya kuhifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000, mahitaji ya vyombo hivyo yalipoongezeka duniani, bei ya tantali ilipanda mara kadhaa kwa muda mfupi, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Nchi yetu ilikuwa vitani. Wachimbaji waliingia hata katika hifadhi ya Kahuzi-Biega. Mwezi wa Aprili 2001 ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilieleza jinsi majeshi na makundi yenye silaha yalivyojitajirisha kwa madini hayo. Wapo waliosema kwamba vita vya Kongo vilikuwa vita vya mashine za michezo. Huko ni kupita kiasi, kwa maana vita hivyo vilikuwa na mizizi mingi, na koltani ilitumika katika vyombo vya kila namna. Lakini ni kweli kwamba watoto wa mbali walipokuwa wakimlilia msichana aliyekufa katika kioo, kulikuwa na jasho, na mara nyingine damu, ya watoto wasio na jina katika njia ya madini yaliyowasha vioo vya dunia.

Hatusemi hayo ili kijana wa Masisi au wa Mwenga aone aibu kucheza. Tunayasema ili ajue kwamba yeye si mgeni katika historia hii. Amekuwamo tangu zamani, ila alikaa upande ambao kamera haikuelekezwa.

Kuipima huzuni

Tufanye nini basi na mchezo unaotutikisa? Tusiutupe kwa sababu umetutikisa, wala tusiusifu kwa sababu hiyo tu. Death Race nayo ilitikisa watu. Kipimo chetu kiwe kile kinachofuata baada ya mashine kuzimwa. Iko huzuni inayomfunga mtu ndani yake: anakosa usingizi, anaacha kuzungumza na wenzake, anatafuta picha kali zaidi ili ahisi tena kitu. Hiyo imwambie kuacha, na kumtafuta mtu wa kuzungumza naye. Na iko huzuni inayofungua mlango: kesho yake anamtazama mkimbizi kwa macho mengine, anakwenda kumsalimu mfiwa ambaye alimkwepa, anafikiri mara mbili kabla ya kusema "sikuwa na njia nyingine."

Kipimo cha pili ni swali la Achebe: katika hadithi hii, nani ana jina na nani ni pazia tu? Swali hilo linatupeleka kwa kijana mmoja wa jirani zetu. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita vya Sudani, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Hakukuwa na umeme karibu. Kijana alitembea saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatunga mchezo aliouita Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia na kutafuta chakula na maji. Mayen aliupanga hivi: mchezaji anaponunua chakula cha mkimbizi wake ndani ya mchezo kwa fedha halisi, fedha hizo ziende kuwasaidia wakimbizi walio hai.

Katika michezo yote tuliyoitaja, huu ndio ulioanzia mikononi mwa mtu aliyekaa kambini mwenyewe. Wengine walisimulia vita kutoka mbali, baadhi yao kwa moyo mwema na kwa ustadi mkubwa. Mayen aliyajua mambo hayo tangu tumboni. Na kati ya vijana wanaosoma ukurasa huu wako wanaoyajua pia: usiku wa kukimbia, foleni ya maji, nyumba iliyobaki nyuma, shimo la madini ambamo ndugu aliingia asitoke. Wanayo hadithi ambayo dunia inayocheza kwa madini yetu haijaisikia kutoka kwetu. Kama itasimuliwa kwa mchezo, kwa wimbo au kwa maandishi, hilo watalichagua wenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni mchezo gani uliokubakia moyoni baada ya kuuzima? Ulikufungia ndani, au ulikufungulia mlango?

2. Katika nyumba iliyozingirwa, ungechukua chakula cha wale wazee? Ungemwambia nini mwenzako aliyekichukua?

3. Ikiwa kikundi chetu kingetunga mchezo juu ya maisha ya mtaa wetu, mchezaji angekuwa nani, na ni nani ambaye tusingependa kumsahau?